Bustani ya umma ni ya umma upi?

Neno "umma" hutumika kwa wepesi mno katika nyaraka za serikali. Kuna barabara za umma, vyoo vya umma, fukwe za umma na bustani za umma, na kila mtumishi aliyewahi kuandika barua ya kiofisi amelitumia neno hilo bila kusita. Lakini mchukue mtu asiyeweza kutembea, umfikishe kwenye lango la bustani ya namna hiyo, akute ngazi tatu za mawe na kijia cha kokoto. Itadhihirika papo hapo kwamba umma uliokusudiwa na mchoraji wa ramani ulikuwa na miguu miwili yenye nguvu. Na kama mtu huyo, juu ya ulemavu wake, ni wa kundi ambalo jamii hulitazama kwa jicho la chuki, basi hata ngazi zile zikivunjwa bado hatakuwa amefika. Atapita langoni, kisha atakutana na macho, na maneno, na pengine mawe.

Watu wa namna hiyo wapo, tena si wachache. Nchini Marekani wamejitokeza hadharani kwa karibu nusu karne: watu wenye ulemavu ambao pia ni watu wa mapenzi ya jinsia moja, au waliobadili jinsia. Habari zao huandikwa mara nyingi kana kwamba ni mambo mawili mbalimbali, ulemavu katika ukurasa mmoja na jinsia katika ukurasa mwingine. Historia ya nchi ile inaonyesha vingine. Mapambano ya makundi hayo mawili yalikutana mapema, yakasaidiana, na shabaha yake ilikuwa moja, yaani haki ya mtu kutoka nyumbani kwake, akaenda anakotaka, akarudi salama. Kisa chenyewe kinastahili kusimuliwa kwa kirefu, hasa kwa wale ambao kazi yao ya kila siku ni kutia saini.

Mwezi Septemba 1973, baada ya kuukataa muswada mara mbili, Rais Richard Nixon alitia saini sheria ya kuwawezesha watu wenye ulemavu kurudi katika maisha ya kazi. Ndani ya sheria hiyo ndefu mlikuwa na kifungu kifupi, cha 504, kilichosema kwamba shughuli inayopokea fedha za serikali kuu haina ruhusa ya kumtenga mtu kwa sababu tu ya ulemavu wake. Kwa kuwa fedha hizo zilifika kwenye shule, vyuo vikuu, hospitali, mabasi na maktaba, kifungu hicho kidogo kilikuwa na uzito kuliko sehemu nyingine zote za sheria ile. Ila kilihitaji kanuni za utekelezaji, na kanuni zilihitaji saini ya Waziri wa Afya, Elimu na Ustawi wa Jamii. Hapo ndipo jambo lilipokwama.

Kanuni ziliandikwa, zikapelekwa kutolewa maoni, zikarudishwa, zikaandikwa tena. Serikali ya Rais Gerald Ford ikaondoka madarakani bila saini kupatikana. Januari 1977 akaingia Rais Jimmy Carter, ambaye watu wenye ulemavu walimtumaini, lakini waziri wake mpya, Joseph Califano, akasema kwamba naye anahitaji muda wa kuzipitia. Kila aliyefanya kazi katika ofisi ya serikali anaijua hali hiyo. Hakuna anayesema hapana. Faili linapanda, linashuka, linaombewa ufafanuzi, linapotea, linapatikana, na mwananchi anayelisubiri anaambiwa kila wiki kwamba suala lake linashughulikiwa. Miaka mitatu na nusu ikapita namna hiyo, na ngazi za nchi nzima zikabaki palepale.

Tarehe 5 Aprili 1977 uvumilivu ulikwisha. Watu wenye ulemavu waliandamana hadi kwenye ofisi za wizara hiyo katika miji kadhaa. Mjini Washington walinyimwa chakula, na baada ya saa 28 hivi wakatoka. San Francisco hawakutoka. Watu wapatao 150 waliingia ghorofa ya nne ya jengo la serikali kuu lililo kando ya uwanja wa Umoja wa Mataifa, wakakaa humo mpaka mwisho wa mwezi. Walikuwamo waliopooza, viziwi, wasioona, wenye ulemavu wa akili, na watu ambao ilikuwa lazima wageuzwe usiku na mwenzao ili wasipate vidonda. Wengi wao hawakuwa na hata nguo ya kubadili. Simu za ofisi zilipokatwa, viziwi walisimama madirishani wakazungumza na wenzao waliokuwa uwanjani kwa lugha ya alama, na polisi waliokuwa chini hawakuambulia neno.

Inafaa kusita kidogo hapa juu ya lugha. Kwa miaka mingi nyaraka za Kiswahili zimewaita watu wa hali hiyo "wasiojiweza", na hata leo neno hilo bado husikika katika hotuba za kukabidhi misaada. "Wasiojiweza" wa San Francisco walilishikilia jengo la serikali yenye nguvu kubwa duniani kwa zaidi ya wiki tatu, na mgomo wao hutajwa mara nyingi kuwa mrefu kuliko yote iliyowahi kufanywa kwa amani ndani ya jengo la serikali kuu ya nchi ile. Anayetaka kuendelea kulitumia neno hilo na aendelee, lakini ajue analisema juu ya nani.

Miongoni mwa viongozi wa mgomo alikuwamo Judith Heumann, aliyepooza kwa polio tangu utotoni. Walimu watapendezwa kujua kwamba alikuwa mwenzao: mwaka 1970 mamlaka za elimu za jiji la New York zilimnyima kibali cha kufundisha kwa sababu ya kiti chake cha magurudumu, akaenda mahakamani, akakipata. Pamoja naye alikuwako Kitty Cone, ambaye jina lake halijulikani sana nje ya nchi yake, ingawa wengi waliokuwa ndani ya jengo lile walimtaja kuwa ndiye aliyebeba mipango yote kichwani. Cone alikuwa na maradhi ya kudhoofika misuli, na alikuwa mwanamke aliyependa wanawake na asiyelificha jambo hilo. Alikuwa amekwisha kupikwa katika harakati za haki za watu weusi na za kupinga vita vya Vietnam kabla hajaingia katika harakati za ulemavu, na kutoka huko alijifunza jambo moja ambalo wenzake wengi hawakuwa wamelizoea: kwamba kundi dogo halishindi peke yake, na kwamba marafiki hutafutwa kabla ya shida, si baada yake. Kwa hiyo, kabla hata ya maandamano, yeye na wenzake walikuwa wamekwisha kugonga milango ya makanisa, ya vyama vya wafanyakazi na ya vikundi vya haki vya kila namna katika eneo lile.

Milango hiyo ilifunguka. Chama cha Black Panther, ambacho mwanachama wake Brad Lomax alikuwa ndani ya jengo katika kiti cha magurudumu, kilileta chakula cha moto kwa watu wote, siku baada ya siku. Meya wa jiji, George Moscone, alihakikisha magodoro na vifaa vya kuogea vimefika, ijapokuwa wakubwa wa wizara hawakufurahishwa. Ujumbe ulipotumwa Washington kumfuata waziri, chama cha wafanyakazi wa mitambo kiliupokea na kuusaidia kupata usafiri. Wajumbe walizungushwa mjini nyuma ya lori la kuhamishia vyombo, gizani, kwa kuwa hapakuwa na basi hata moja katika makao makuu ya nchi ambalo mtu wa kiti cha magurudumu angeweza kulipanda.

Msaada ambao haukutarajiwa ulitoka kwa kundi jingine kabisa. San Francisco wakati huo palikuwa na wanaume wa mapenzi ya jinsia moja waliojiita Butterfly Brigade, yaani Kikosi cha Kipepeo. Kazi yao ilikuwa kupiga doria mitaani usiku, kwa sababu wenzao walikuwa wakivamiwa na kupigwa na makundi ya vijana, na kila mara ulinzi wa kawaida ulichelewa kufika. Walikuwa na redio ndogo za mkononi za kuitana. Waliposikia kwamba watu walio ndani ya jengo wamekatiwa simu, walizipenyeza redio hizo ndani, na mawasiliano yakarudi.

Mtu anaweza kuuliza: mwanamume mwenye miguu mizima, tena mwenye shida zake nyingi za kutosha, alikuwa na haja gani na mgomo wa watu wa viti vya magurudumu? Wahenga walikwisha kusema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwa kawaida ndivyo ilivyo. Lakini wanaume wale waliubeba mzigo huo bila kuufikiria kuwa mwepesi, kwa sababu walijua maana ya kuifanya hesabu kabla ya kufungua mlango. Mtu wa kiti cha magurudumu hujiuliza: barabara ile ina ukingo mrefu kiasi gani, choo kiko wapi, nikianguka nani ataniinua? Mtu wa mapenzi ya jinsia moja hujiuliza: mtaa ule una nani saa hizi, nikimshika mwenzangu mkono nini kitatokea, nikipigwa nani atakuja? Maswali ni tofauti, ila matokeo ni yaleyale: mtu hubaki ndani. Na aliye na hali zote mbili, kama Kitty Cone, hujiuliza maswali yote sita kwa pamoja.

Wala hofu hiyo haikuwa ndoto. Mwezi Juni 1977, wiki chache tu baada ya mgomo kwisha, kijana mmoja alimshambulia usiku Robert Hillsborough karibu na nyumbani kwake, San Francisco, akamchoma kisu mara 15 huku akimtukana kwa mapenzi yake. Hillsborough alikuwa mtumishi wa jiji. Kazi yake ilikuwa kutunza bustani za umma.

Mgomo wenyewe ulikwisha kwa ushindi. Tarehe 15 Aprili wabunge Phillip Burton na George Miller walifanya kikao cha kusikiliza hoja palepale ndani ya jengo, na humo mwakilishi wa wizara akasoma orodha ya mabadiliko yaliyokuwa yakifikiriwa. Ndani yake mlikuwamo wazo la kuwa na huduma za pembeni kwa watu wenye ulemavu, zilizo sawa lakini mbali na za wengine. Wamarekani waliokuwa chumbani walilitambua wazo hilo mara moja. Ndilo lililotumika kuwatenga watoto weusi katika shule zao mpaka Mahakama Kuu ya nchi ilipolikataa mwaka 1954. Tarehe 28 Aprili Califano alizitia saini kanuni bila kuzipunguza nguvu, na tarehe 30 waliogoma wakatoka nje, kwenye jua.

Deni la redio lilikuja kulipwa miaka 13 baadaye. Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilikuwa linajadili sheria kubwa zaidi ya haki za watu wenye ulemavu, na kila dalili ilionyesha kwamba ingepita. Wakati huo UKIMWI ulikuwa unawamaliza wanaume wa mapenzi ya jinsia moja, na hofu ilikuwa imetanda. Mbunge Jim Chapman wa Texas akaleta pendekezo la kuwaruhusu wenye mikahawa kuwaondoa wafanyakazi wenye virusi kwenye kazi za kugusa chakula, ingawa wataalamu walikwisha kueleza kwamba maradhi hayo hayaambukizwi kwa chakula. Baraza la Wawakilishi likalikubali. Lilikuwa jaribu la kweli: kuwatupa watu wachache wasiopendwa, ili wengi wapate haki waliyoisubiri maisha yao yote. Vyama vya watu wenye ulemavu vilikataa biashara hiyo, vikasema afadhali muswada uanguke. Pendekezo likaondolewa, na tarehe 26 Julai 1990 Rais George Bush akaitia saini sheria. Mwaka 1998 Mahakama Kuu ikaamua kwamba sheria hiyo inawalinda hata wenye virusi ambao bado hawajaonyesha dalili za ugonjwa.

Sheria ile, hata hivyo, haikuwa safi pande zote. Ndani yake kuna kifungu kinachowaweka waliobadili jinsia nje ya ulinzi wake, kwa maneno ambayo hata mwaka ule yalikuwa ya kuwadhalilisha. Mtu mwenye haki ya kuingia bustanini kwa miguu yake mibovu hakuwa na haki hiyohiyo kwa nafsi yake.

Sasa, turudi langoni. Marekani ilitunga sheria ya kuondoa vikwazo katika majengo ya serikali kuu mwaka 1968. Ng'ambo ya ghuba ya San Francisco, baraza la mji wa Berkeley liliamua mwaka 1971 kushusha kingo za barabara zake kwenye vivuko, kwa kubanwa na watu wenye ulemavu waliokuwa wakisoma chuo kikuu pale. Leo kingo hizo zinatumiwa na mama mwenye mtoto katika kigari, na msukuma mkokoteni, na msafiri mwenye sanduku, na hakuna anayekumbuka zilijengwa kwa ajili ya nani. Lakini misitu, fukwe na vijia vya milimani vilisahauliwa. Bodi ya serikali inayohusika na vipimo hivyo ilitoa kanuni za maeneo ya wazi ya serikali kuu mwaka 2013, yaani miaka 45 baada ya sheria ya majengo. Yaonekana watawala waliamini kwamba mtu mwenye ulemavu anahitaji kulipa kodi na kupiga kura, lakini hahitaji kusikia ndege wakiimba.

Kanuni zenyewe si za kutisha. Kijia kinachojengwa upya kiwe na upana usiopungua sentimita 91, udongo wake uwe mgumu usiotitia, na mwinuko wa kipimo cha 1 kwa 20 unaruhusiwa kwa urefu wowote. Mwinuko ukizidi hapo kuna mipaka, na hapana budi pawe na mahali pa kupumzikia. Mahali ambapo mlima haukubali, kanuni zinakubali kushindwa, mradi isiwe kisingizio. Mwalimu wa hesabu wa darasa la saba anaweza kuzifundisha kwa kipindi kimoja, na mafundi wa halmashauri yoyote wanaweza kuzitekeleza kwa kamba na pima-maji.

Jambo la choo linaonyesha vizuri kuliko lolote jinsi shida za makundi haya mawili zinavyokutana. Bustani nyingi zina vyoo viwili, cha wanaume na cha wanawake. Mume aliyepooza, anayesaidiwa na mkewe, aingie kipi? Aliyebadili jinsia, ambaye akiingia kimoja hufukuzwa na akiingia cha pili hupigwa, aingie kipi? Dawa ya wote wawili ni ileile: chumba kimoja kipana, chenye mlango wa kufungwa kwa ndani, kisichoandikwa jinsia. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 2016, iliyoanza kutumika Machi 2017, kwamba vyoo vya mtu mmoja mmoja mahali pa umma viwe vya watu wote. Baba aliyeleta binti yake mdogo bustanini naye hushukuru, wala haulizi sheria ililetwa na nani.

Baada ya zege na choo huja habari. Ubao wa hifadhi ukisema "njia rahisi", ni rahisi kwa nani? Hilo ndilo swali aliloanza nalo Syren Nagakyrie wa jimbo la Washington, mtu mwenye ulemavu na wa jamii hiyo ya wachache wa jinsia, aliyeanzisha mwaka 2018 chama kiitwacho Disabled Hikers kwa ajili ya watembeaji wenye ulemavu. Nagakyrie hataki kuitwa kwa kiwakilishi cha kike wala cha kiume, jambo linalowapa waandishi wa Kiingereza taabu kubwa. Kiswahili, ambacho "yeye" wake haulizi kama mtu ni mume au mke, hakina taabu hiyo hata kidogo. Mwaka 2022 alichapisha mwongozo wa njia za magharibi ya Washington na Oregon, ambamo kila njia imeelezwa kwa ukweli mtupu: mwinuko uko wapi na ni wa kiasi gani, mizizi inakatiza wapi, kiti cha kukalia kiko wapi, na choo kikoje. Kisha kila njia imepewa alama ya vijiko, kuanzia kimoja hadi vitano.

Vijiko hivyo vina asili yake. Mwaka 2003 Christine Miserandino, mwanamke mwenye ugonjwa wa lupasi, aliandika jinsi alivyomweleza rafiki yake maisha ya mgonjwa wa kudumu wakiwa mkahawani. Alikusanya vijiko mezani akampa, akamwambia kwamba kila kazi ya siku itamgharimu kijiko: kuoga kijiko, kuvaa kijiko, kupanda basi kijiko. Mwenye afya ana vijiko visivyohesabika. Mgonjwa ana vichache, na vikiisha saa saba mchana basi siku imekwisha. Kwa hiyo njia ya vijiko vitano si njia mbaya. Ni njia ambayo mtu anaambiwa bei yake kabla hajanunua, na uamuzi ni wake mwenyewe. Nchi nyingi hufanya kinyume, ama kwa kumficha bei au kumfungia duka.

Lakini hata mwongozo mzuri hauwezi kumfanya mtu aone amekaribishwa pale ambapo jina lake limefutwa. Mwezi Juni 2016 Rais Barack Obama aliitangaza bustani ndogo ya Christopher Park jijini New York, pamoja na mitaa inayoizunguka na baa ya Stonewall iliyo mbele yake, kuwa kumbukumbu ya taifa, kwa sababu ndipo watu wa jamii hiyo walipokataa kuonewa na polisi mwaka 1969. Mwezi Februari 2025 idara ya hifadhi za taifa ilifuta katika maelezo yake rasmi ya mahali hapo maneno yanayowataja waliobadili jinsia, ijapokuwa walikuwamo katika kisa chenyewe. Hakuna jiwe lililong'olewa na hakuna lango lililofungwa. Mwinuko wa kijia haukubadilika hata sentimita moja. Hata hivyo yeyote aliyekuwa anafikiria kwenda pale siku ile alipata ujumbe, na ujumbe ulitoka kwa mtumishi wa umma aliyeketi mezani na kufuta herufi.

Msomaji wa Afrika Mashariki yumkini ameguna mara kadhaa mpaka hapa. Sheria za Tanzania, Kenya na Uganda zinahesabu matendo ya mapenzi ya jinsia moja kuwa jinai, na mjadala wa sheria hizo ni mrefu, haumalizwi katika safu moja ya gazeti. Hoja iliyopo hapa si ya chumbani. Ni ya barabarani. Mwinuko wa zege haumwulizi mtu anampenda nani kabla ya kumpandisha. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao pamoja na elimu na kazi unataja burudani, mapumziko na michezo, na mwaka 2010 ikatunga sheria yake yenyewe. Hakuna mahali katika maandishi hayo panaposema kwamba mwenye ulemavu sharti kwanza apendwe na majirani. Ibara ya 12 ya Katiba ya nchi nayo inapotaja heshima na utu inataja kila mtu. Wala hakuna sheria, katika nchi yoyote kati ya hizo tatu, inayompa mpita njia kazi ya kumpiga mwenzake bustanini kwa sababu ya mwendo wake, nguo zake au sauti yake. Anayefanya hivyo ndiye mhalifu, na mlinzi anayegeuza uso ni mshirika wake.

Kitty Cone alifariki mwaka 2015 na Judith Heumann mwaka 2023. Kanuni zilizotiwa saini kwa ajili ya kelele zao zimewapitisha mamilioni ya watu ambao hawakuwajua, wakiwamo wengi ambao wangekataa kuketi nao meza moja.

Mwezi ujao au mwaka ujao, katika halmashauri fulani, mchoro wa bustani mpya utaletwa mezani. Utakuwa na mnara, chemchemi ya maji na ngazi za kupendeza za kupandia kwenye mnara huo. Mtu atasema fedha hazitoshi kwa mambo ya ziada. Kuzifuta ngazi hizo katika mchoro ni kazi ya mpira wa kufutia. Kuzivunja zikiwa zege ni kazi ya zabuni, kamati na miaka. Katika kikao hicho aitwe mwenye kiti cha magurudumu aseme choo kiwe wapi, tena aitwe mapema, kabla rangi haijapakwa. Na mlinzi wa lango naye aitwe, kwa sababu yeye atawaona wageni kabla ya mkurugenzi, na lile atakalowaambia asubuhi ya kwanza ndilo watakalowapelekea wenzao nyumbani.